Kilo Mbili Zisizotimia

Mama alinishika kiwiko kabla hatujaingia getini, akanikumbusha kwa mara ya nne tangu asubuhi kwamba leo nifunge mdomo. Nisiulize kitu, nisiguse kitu. Chai ikiletwa ninywe, sukari ikiletwa nitie, na nisiitazame hiyo sukari kwa yale macho yangu ya kazini.

"Una miaka thelathini na sita," aliniambia, kana kwamba aliyesahau alikuwa mimi.

Nilimwahidi, na nilimwahidi kwa moyo wangu wote, maana Mama ana haki ya kuogopa. Mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Sokoni wananiita Bi Mizani, na nikikunja kona tu wauza nyama wote wanakumbuka kwamba walikuwa na vumbi la kufuta. Mchumba wangu wa mwisho alinipeleka kunitambulisha kwa shangazi yake mwenye duka la nafaka. Nilikaa pale kaunta dakika tano, nikaona mshale wa mizani umesimama mbele ya sifuri wakati sahani haina kitu. Sikusema kwa ubaya. Nilimweleza tu shangazi, kwa adabu zote na shikamoo juu, kwamba kila kilo anayouza imepungua gramu sitini, na kwamba kwa kawaida duka la namna hiyo hufungwa. Uchumba ule haukufika Jumatatu.

Basi leo Mama alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu, akajipulizia manukato mpaka nikapiga chafya, tukaja kutambulishwa mahali pengine. Asichokijua ni kwamba ndani ya mkoba wangu, chini ya taulo, nilikuwa nimebeba kilo tatu za mali ya serikali.

Mahali penyewe palikuwa shule ya kuzamia: bwawa la mita nne kwenda chini, chumba cha vifaa kinachonuka mpira, na mashine ya kujazia mitungi hewa inayonguruma uani. Miezi miwili kabla ya hapo nilitumwa kukagua geji za mashine hiyo. Geji hazikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mtu aliyenifungulia mlango, mrefu, masikio yamesimama kidogo, ambaye alinisikiliza nikieleza kanuni za ukaguzi toka mwanzo hadi mwisho bila kupiga mwayo. Katika miaka kumi na miwili ya kazi yangu, sijawahi kufika mwisho wa kanuni zile mbele ya mwanaume. Aliponiuliza kama ningependa kujifunza kuzamia, nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria kuanzia mlangoni hadi getini, nikarudi.

Alikuwa ndiye mwalimu wa shule, na nikawa namwita Mwalimu kama wanafunzi wengine. Hata sasa namwita hivyohivyo.

Somo lenyewe ukilieleza ni jepesi. Suti ya mpira anayovaa mzamiaji inaelea, na mtu aliye ndani yake anaelea nayo. Ndiyo maana anafunga kiunoni mkanda wenye vipande vya risasi. Vikiwa vichache, anabaki juu. Vikizidi, anagota chini akakaa huko. Vikiwa sawasawa, akitoa pumzi anashuka kidogo, akivuta anapanda kidogo, na hapo katikati ananing'inia tu bila kufanya kazi yoyote. Mwalimu aliniambia hakuna raha inayofikia hiyo. Mimi raha hiyo nilikuwa naisikia kwa watu.

Hesabu ya mwili wangu na suti yangu ilitoa kilo nane, yaani vipande vinne vya kilo mbilimbili. Siku ya kwanza nilitoa hewa kwenye jaketi la kuzamia, lile la kujaza na kupunguza hewa, kama nilivyoelekezwa, nikasubiri kuzama. Wenzangu watatu walishuka taratibu, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikabaki juu nikiwachungulia kwa miwani ya maji kama mtu aliyeachwa na basi. Nilipojaribu kujilazimisha kwenda chini kwa kichwa, makalio yalikataa kunifuata. Wiki ya pili hivyohivyo. Wenzangu wakapata vyeti, wakaja wengine, nao wakapata vyao. Wiki ya tano nilikuwa bado pale juu, na nilikuwa nalijua paa la bwawa lile kuliko dari ya chumba changu.

Kila nilipoomba kipande cha tano, Mwalimu alikataa kwa upole. Alisema ukijaza risasi unaficha kosa tu, na kosa langu lilikuwa pumzi: navuta nyingi, natoa nusu. Kisha aliniwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega.

"Toa pumzi," alisema. "Yote. Hata ile unayoiwekea akiba."

Sasa niambie, mwanamke gani angetoa pumzi mkono ule ukiwa mgongoni? Nilimpenda. Nilimpenda kuanzia wiki ya kwanza, na wiki ya tatu alipoanza kunisindikiza mpaka kituoni, mkoba wangu begani mwake na maneno machache, nilijua hata yeye hayuko salama. Wiki ya nne alinishika mkono kituoni pale, akasema anataka nimfahamu baba yake. Nilimjibu kwamba baba yake namfahamu, nakaguliwa naye kila siku ya somo.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mzee, kama kila mtu alivyomwita, alikuwa amefanya kazi chini ya maji miaka thelathini, akikwangua matumbo ya meli na kuopoa vitu vya watu baharini, mpaka ugonjwa wa mapafu ulipomtoa. Sasa alikaa kando ya bwawa kwenye kiti cha plastiki, saa mkononi, sikio la kushoto halisikii, la kulia linasikia mpaka usichosema. Hakuna aliyepata cheti bila mtihani wake: kuning'inia mita tatu chini, dakika tatu, bila kushika wala kupiga miguu. Alishamwambia mwanawe kwamba mtu asiyeweza kutulia majini hawezi kutulia ndani ya nyumba. Mwalimu aliniambia maneno hayo akicheka. Niliyapokea bila kucheka hata kidogo.

Ikapangwa kwamba Jumamosi hii nifanye mtihani saa nne, na baada ya mtihani, Mama yangu na Mzee wanywe chai.

Alhamisi nikiwa ofisini nilimwaga vitu vya mkobani mezani nikitafuta kalamu. Kipande kimoja cha mkanda wangu kilikuwemo. Nilikuwa nimekichukua bila kujua pamoja na taulo lenye maji. Kimeandikwa 2, na pembeni kina alama ya duara ambayo Mzee anaitia kwenye kila kipande, maana huviyeyusha na kuvisubu mwenyewe kwa kalibu yake, akitumia vile vyuma vidogo vya kusawazishia magurudumu anavyookota kwa mafundi wa matairi. Mizani ya ofisi ilikuwa wazi. Nilikiweka juu yake kama vile mwingine anavyokuna kichwa, bila nia yoyote.

Kilo moja na gramu mia tatu.

Nilipima mara tano. Nilikikwaruza kwa ukucha, hakikukwaruzika. Nilikigonga kwenye ukingo wa meza, kikalia kama kengele, wakati risasi ukiigonga hutoa kishindo kizito kikaishia hapo. Nikaelewa. Vyuma vya magurudumu siku hizi vingi ni vya zinki, si vya risasi, na zinki ni nyepesi. Kalibu ni ileile, ukubwa uleule, alama ileile, lakini ndani kuna madini mengine. Kwa vipande vinne nilikuwa nimepungukiwa karibu kilo tatu. Siyo pumzi. Siyo mimi.

Furaha yangu ilidumu kama muda wa kunywa maji glasi moja. Kisha nikamwona Mzee kwenye kiti chake, nikajiona mimi nikisimama mbele yake, Mama yangu kando na gauni la harusi, nikimwambia baba mkwe wa kesho kwamba kilo zake si kilo. Nikamwona na yule shangazi wa nafaka. Nilikaa pale mezani nikajiuliza nataka nini, na jibu lilikuwa fupi: nilimtaka mwanaume yule. Ukweli nimeusema maisha yangu yote, na kila siku nimekuwa nikirudi nyumbani nao peke yetu.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo kama angelifanya mtu mwingine ningemfikisha mbele ya sheria. Nilifungua kabati la ofisi, nikatoa mawe matatu ya mizani, ya shaba, ya kilo mojamoja, yenye muhuri wa serikali. Mawe yale hayashikwi kwa mkono mtupu. Kuyatia maji ni kosa la kazi. Nikayafunga kwenye taulo.

Saa nne kasoro dakika tano, katika chumba cha kubadilishia nguo, nilikirudisha kile kipande kwenye mkanda, kisha nikayatumbukiza mawe kwenye mifuko ya jaketi langu la kuzamia, mawili kulia na moja kushoto, nikatoka nikitembea kama bata.

Mama alikuwa tayari ameketi pembeni ya Mzee, mikono juu ya mapaja, akitabasamu kwa nguvu. Mwalimu alinikagua mtungi, akanikaza mikanda. Alinitazama machoni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, akaniuliza taratibu kama niko tayari. Sikuweza kumtazama. Sijazoea kuiba.

Nikaingia, nikatoa hewa kwenye jaketi, na nikazama.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana nilikuwa nimeingoja wiki tano. Maji yalinifunika utosi, kelele zote zikakatika, nikashuka polepole nimekaa wima kama malkia kwenye kiti. Mita moja. Mbili. Kwenye mita tatu nikavuta pumzi ndogo na nikasimama. Sikushika kitu. Sikupiga mguu. Nilining'inia. Mwalimu alikuwa mbele yangu, na nyuma ya miwani yake niliona macho yamemtoka. Nilidhani ni furaha.

Dakika ya kwanza ikapita. Dakika ya pili ikapita. Raha ikanilevya, nikajisahau, nikainama kidogo kutazama sakafu ya bwawa ambayo sikuwahi kuiona kwa karibu. Jiwe la kushoto likateleza mfukoni.

Lilishuka mbele ya pua yangu, la shaba, linang'aa, likatua kwenye vigae na kulia kwa sauti iliyosikika bwawa zima. Nikalirukia. Nilipolirukia yakatoka ya kulia, moja, halafu jingine. Nami nikaanza kupanda kwenda juu, makalio yametangulia, mikono imenyooshwa kuelekea mali ya serikali iliyokuwa inabaki chini.

Nilipofuta maji usoni, Mzee alikuwa amesimama. Mwalimu aliibuka nyuma yangu na mawe matatu mkononi, akayaweka ukingoni. Mzee akayainamia, akasoma muhuri. Aliponitazama, sikuona hasira. Niliona mtu aliyevunjika moyo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Binti," alisema, "nimeona watu wakishindwa mtihani huu miaka mingi. Wakishindwa wanarudi. Sijawahi kuona mtu akiudanganya."

Mama alifumba macho. Nilijua anaomba kimoyomoyo kwamba nilie, niombe radhi, niseme nilikuwa na hofu. Ningeweza. Machozi yalikuwa karibu. Lakini nilijua kwamba nikiumeza ukweli leo nitakuwa naumeza kila siku kwenye nyumba ile, kwenye kila kikombe cha chai. Nikapanda ngazi, maji yakinichuruzika, nikafungua mkanda wangu na kuuweka miguuni pake.

"Nimedanganya, Mzee wangu, na nitajibu kwa mkuu wangu wa kazi," nilisema. "Lakini nimedanganya kwa sababu vipande hivi havitimii. Vimeandikwa mbili. Havifiki hata moja na nusu. Nilijua tangu Alhamisi nikaogopa kukwambia."

Mzee aliuliza kwa sauti ya chini kama nasema yeye, kwa mikono yake, amewapunja watu. Nilisema sikuwa na maana hiyo, nasema vipande havitimii, na mizani ya kuning'iniza ninayo mkobani.

Nilimtazama Mama, nikitegemea kuona ameanza kukusanya vitu vyake. Alikuwa ameshainuka, kweli, lakini alikuwa amekwenda kuuchukua mkoba wangu. Akanipa.

"Umeshaanza," aliniambia. "Pima."

Nikapima. Kimoja baada ya kingine, mbele ya macho ya Mzee, naye akisoma namba mwenyewe akiwa ameishikilia miwani yake ya kusomea kwa vidole viwili. Kipande cha nne hakusubiri. Alikichukua, akakisogeza kwenye sikio la kulia, akakigonga kwenye mguu wa kiti. Kikalia. Mzee akaketi.

"Hii si risasi," alisema.

Nilitamani kumshika bega lakini sikuwa na haki hiyo bado. Alieleza, akizungumza na kile kipande kuliko sisi, kwamba hili lilikuwa fungu la kwanza kusubu tangu atoke hospitali, na kwamba hakupima kwa sababu kalibu ile haijawahi kumdanganya. Kisha akauliza vingine viko wapi. Fungu zima lilikuwa na vipande ishirini, na kama vingekuwa mikononi mwa wanafunzi, wangekuwa wanaelea wote siku nyingi.

Hapo Mwalimu akakohoa.

"Viko kwenye kreti la njano," alisema. "Nyuma ya mitungi mibovu. Niliviondoa wiki ya pili, kabla wengine hawajavivaa."

Nilisikia maneno hayo vizuri, lakini yalichukua muda kuniingia. Wiki ya pili. Mimi nilikuwa nimeelea hadi ya tano. Nilimgeukia polepole, na nadhani aliona kitu usoni kwangu kwa sababu alirudi nyuma hatua moja, na hatua nyingine ingemtia majini.

"Ulijua," nilisema.

"Nilijua."

"Ukaviondoa kwa wote."

"Kwa wote."

"Ukaniachia mimi vinne."

Aliangalia sakafu, akaangalia paa, akamwangalia baba yake ambaye hakumsaidia. Akaeleza kwamba mwanzoni hakuwa na nia mbaya. Aligundua vipande vina kasoro, akashindwa kumwambia baba yake, mgonjwa aliyekuwa amefurahi namna ile kushika tena kalibu yake. Alikuwa avibadilishe vyangu pia. Alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Lakini siku ya kwanza uliniambia ukipata cheti unaondoka, una kazi nyingi," alisema. "Kozi hii ni siku nne. Mimi nilitaka ya tano. Ilipofika ya tano nikataka ya sita."

Nitakuwa mkweli: moyo uliruka. Lakini hasira ilikuwa imetangulia kufika mdomoni.

"Nimefunga maduka ya watu kwa gramu sitini," nilimwambia. "Wewe umenipunja kilo tatu, wiki tano, ukiniangalia usoni. Nililala nikihesabu pumzi zangu. Nilijiona mjinga, mwili wangu mwenyewe nikauona adui. Na wewe kila siku unaniambia ni pumzi."

"Pumzi nayo ilikuwa mbaya," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mtu anayejua hasaidiki.

Mama yangu alicheka. Alijaribu kuzuia kwa ncha ya kitambaa, akashindwa, akageuka upande. Mzee hakucheka. Alimwita mwanawe asogee, akamwambia kwamba kama kreti lile lingefika baharini kwa bahati mbaya, kwenye maji ya chumvi ambayo humfanya mtu aelee zaidi, mtu angerushwa juu bila kutaka akaumia, na alama iliyo kwenye kipande ni ya nani? Mwalimu akasema ni yako, baba.

"Basi wewe umenitunzia aibu kubwa ili unikinge na ndogo," alisema Mzee. "Huyu binti sisi sote tulimfunga mdomo. Mama yake, wewe, hata mimi na kiti changu hiki. Mpaka akaiba."

Akanyanyuka, akaingia chumba cha vifaa. Alirudi na mkanda mweusi wa zamani, vipande vinne vimechakaa pembe, akaniomba nivipime. Nilivipima. Kilo mbili, kilo mbili, kilo mbili, kilo mbili na gramu tano. Uso ukamlainika kidogo. Kisha akaongeza cha tano, akakifunga mwenyewe kwenye mkanda.

"Hicho ni nyongeza," alisema. "Wiki tano tumekupunja."

Mkanda wangu wa zinki alimpa mwanawe na kumwamuru auvae, juu ya suti nene kama yangu. Alipomaliza kumvika akamvua mapezi miguuni, akayaweka chini ya kiti chake, akaketi juu. Mwalimu aliuliza kwa muda gani. Mzee akamwambia aniulize mimi.

Nilivaa, nikaingia majini bila kumjibu. Safari hii nilishuka kama gunia. Kilo kumi hazina mchezo. Niligota chini kabisa, nikakaa kwenye vigae miguu imekunjwa, mapovu yakinipanda mbele ya uso. Pale chini hasira ilikuwa na nafasi ya kutosha. Niliikalia. Nikatazama juu.

Mwalimu alikuwa akielea. Miguu mitupu ilipiga maji, akashuka mita moja, akarudi. Akainama kichwa kwanza, makalio yakakataa kumfuata. Mkononi alishika kile kibao cheupe ambacho wazamiaji huandikia wakiwa chini, na kila alipojaribu kunionyesha alikuwa ameshapinduka upande mwingine. Niliona kina maandishi, lakini kutoka mita nne sikuweza kusoma. Huko juu, ukingoni, niliona vivuli viwili vimeinama. Mama na Mzee walikuwa wakikisoma kila kilipoibuka, na kwa jinsi Mama alivyoweka mkono kifuani, nilijua mimi ndiye mtu pekee pale bwawani asiyejua kilichoandikwa.

Alijaribu mara saba. Nilihesabu. Mara ya saba hakupigana tena. Alilala juu ya maji kifudifudi, akanitazama tu. Wiki tano nilikuwa nimetazama chini kutoka pale alipo, na nilijua mtu anavyojisikia akiwa pale. Nikamwonea huruma, na huruma ile ikafungua mlango kwa mambo mengine yote.

Nikafungua kile kipande cha tano kwenye mkanda. Mara tu mzigo ulipokwenda mkononi nikausimamisha mwili, nikapiga mapezi polepole mpaka mita tatu, nikanyoosha mkono juu kadiri ulivyofika. Alishuka kwa nguvu zake za mwisho, akakipokea. Alipokishika akaacha kupigana, akaja chini taratibu, na mimi, nilipokiachia, nikatulia palepale. Tukawa uso kwa uso, hakuna aliyeshika kitu, hakuna aliyepiga mguu. Akanigeuzia kibao.

*Nimekupunja wiki tano. Nioe, unipime kila siku.*

Nilisoma. Nikasoma tena, kwa sababu mwanaume aliyeandika alikuwa amejichanganya. Yeye ndiye wa kuoa, mimi wa kuolewa. Nilifikiria kumsahihisha. Penseli ilining'inia kwa kamba pembeni ya kibao. Niliishika, nikaandika chini ya maneno yake lile neno ninaloliandika kila siku kwenye mizani za watu zilizotimia: *Imepita*. Kisha nikatia tarehe na sahihi, maana bila hivyo haina nguvu.